Alimpikia Nini Jumatatu

Ziwa la Ng'ombe,
14 Januari 2024

Kwa mwanangu Katana Randu,

Marahaba. Naijibu shikamoo uliyonipa kwenye simu kabla sijakukatia. Usinune. Nilikata kwa sababu ukizungumza kwa simu unakuwa marehemu baba yako mtupu, na kakangu yule alipotaka kitu alikuwa akiniomba kwa sauti hiyohiyo mpaka nikampa. Kama una neno juu ya kitabu changu, niandikie. Karatasi haina sauti, na mimi nitaweza kukataa vizuri.

Huku tu wazima. Goti la kulia limerudia vituko vyake tangu Krismasi. Kuku wanne wamekwenda na kideri, waliobaki nawatazama tu. Luqman, jirani yangu fundi simu, amepata mtoto wa kike na sasa anatembea kifua mbele kama aliyemzaa ni yeye. Mwambie mama yako ndizi alizoniletea zilifika zikiwa nzima.

Sasa neno lenyewe. Unataka kuifanya Masufuria ya Matanga filamu. Jibu ni hapana.

Nimeziona filamu za vitabu, Katana. Mtu amekaa miaka mitatu akitafuta namna ya kusema jinsi mjane anavyokaa mkekani, kisha anakuja kijana na kamera, anamwekea kinanda nyuma, basi, ati huzuni imeshapatikana. Kitabu kibovu kifanyeni filamu, huenda kikapona. Kitabu kizuri kiacheni. Na changu ni kizuri, sitajifanya mnyenyekevu kwa uzee huu.

Kuna kurasa kumi na moja pale mwisho, waombolezaji wameondoka, mwanamke anaosha masufuria. Hasemi neno. Lakini msomaji yumo kichwani mwake na anajua kila kinachopita. Wewe utaonyesha nini? Mwanamke anaosha masufuria. Watu watadhani ni tangazo la sabuni.

Kula vizuri. Baridi ya huko haikufai.

Shangazi yako,
Sidi Munga


Nairobi,
2 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo, na hii ni ya karatasi, huwezi kuikata.

Sisi hatujambo. Binti yako, huyu mchanga wangu, ameota meno mawili na ameshaniuma kidole. Pole kwa kuku. Goti lipake mafuta uliyoletewa, usiyaweke kabatini kwa ajili ya wageni.

Nimesoma barua yako mara nne. Umeuliza nitaonyesha nini. Nitaonyesha mwanamke anaosha masufuria. Dakika sita, bila kinanda. Wairimu, mwenye kampuni ninayofanya nayo kazi, alitaka tuweke sauti isome mawazo yake huku akisugua. Nikakataa. Akaniuliza ni nani atakayekaa dakika sita kumtazama mtu akiosha vyombo. Nikamwambia, yeyote aliyewahi kuviosha vya matanga. Wewe unasema kamera haiingii kichwani mwa mtu. Mimi nasema haina haja ya kuingia. Mikono inatosha, ukiitazama kwa muda wa kutosha bila kuogopa.

La pili nitalisema hata ukiudhika. Mama hajakisoma kitabu chako. Kipo kwenye kabati la vikombe nyumbani kwake Chaani tangu mwaka tisini na tisa, ndani ya mfuko uleule uliokuja nacho. Shule aliacha darasa la pili. Herufi anazijua, lakini kurasa mia mbili zinamshinda. Watoto wa shule wamekifanyia mtihani. Walimu wamekibishania. Wote wanamjua mwanamke wa kuli wa bandarini aliyefiwa akakataa kulia, isipokuwa yule mwanamke mwenyewe.

Sinema ataiona. Macho yake ni mazima kuliko yangu.

Mwanao,
Katana


Ziwa la Ng'ombe,
21 Aprili 2024

Katana,

Marahaba. Barua yako nimeikalia miezi miwili na nusu, na sitaki kuulizwa kwa nini.

Kuku waliobaki wanne wameanza kutaga. Kanisani wamenivua uongozi wa akina mama, ati nafokea watu. Mimi sifokei, nasahihisha.

Nimekubali. Usiruke, nina masharti matatu.

La kwanza, mwanamke yule asilie. Hata chozi moja. Huyo Wairimu akitaka machozi, mwambie amnunulie kitunguu mchezaji mwingine.

La pili, masufuria yaoshwe yote. Ni kumi na moja, nimeyahesabu kitabuni.

La tatu, wifi yake usimguse. Yule anayekuja siku ya tatu na sufuria ya uji, akamwinua mjane mkekani na kumwambia, "Kunywa, mwenzangu, mimi niko nawe." Maneno yale na uji ule yabaki kama nilivyoandika. Hapo sitaki ubunifu wa mtu.

Na bado nasema filamu yako haitafika kitabu changu. Nimekupa ruhusa ujaribu, sikukupa moyo.

Shangazi yako,
Sidi


Chaani,
9 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwa Mama. Nimekuja kutafuta pa kupigia picha, na sihitaji kwenda mbali, ua wake bado unafanana na ule wa kitabuni. Anakusalimu. Meno ya binti yako sasa ni matano.

Masharti mawili ya kwanza nimeyapokea kwa mikono miwili. La tatu siliwezi, na nitakueleza kwa nini.

Juzi nilikaa na Mama jikoni nikaanza kumsomea kitabu. Nilimsomea sura ya kwanza, Jumanne Baba anarudi kutoka bandarini ana homa, Ijumaa amekufa. Mama anachambua majani ya mchunga, anasikiliza. Nikamsomea sura ya mkekani, wanawake wa Kaloleni wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja anapiga yowe tangu barabarani ili wenye msiba wajue nani kafika, na mjane hamjibu hata mmoja. Bado anachambua. Nilipofika kwa wifi na uji wake, mikono ikasimama. Akaniuliza, "Uji gani?"

Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Nikamuuliza kama anataka nimsomee tena.

"Usinisomee. Mimi nilikuwepo."

Ndipo akanieleza, Shangazi. Hakuinua sauti, na mikono ilikuwa imerudi kazini. Kwamba wifi alikuja kweli siku ya tatu, lakini hakuja na sufuria. Alisimama katikati ya wanawake, akamnyooshea kidole, akasema, "Muulizeni alimpikia nini Jumatatu." Na baada ya neno hilo hakuna mwanamke aliyekaa naye mkeka mmoja tena, na siku ya saba aliondoka Kaloleni na mimi mgongoni, nina miaka minne, na masufuria yale kumi na moja aliyaosha peke yake kwa sababu hakuna aliyetaka kushika alichoshika yeye.

Alimpikia sima na mchunga. Nilimuuliza.

Wifi wa kitabuni ni mwema sana. Simtaki. Katika filamu yangu atasema lile alilosema.

Mwanao,
Katana


Ziwa la Ng'ombe,
16 Juni 2024

Katana,

Marahaba.

Kuku hawajambo. Goti halijambo. Ruhusa nimeiondoa.

S. Munga


Chaani,
30 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Najua hukutaka barua kutoka kwangu. Mafuta ya goti nimempa Jerioth wa kanisani kwenu akuletee pamoja na bahasha hii.

Uliondoa ruhusa ya kitabu. Sawa, kitabu nimekirudisha kwenye mfuko wake. Uji wako umo humo, wifi uliyemwandika yumo humo, hakuna nilichochukua. Lakini baba yangu si sura ya kwanza ya kitabu cha mtu. Msiba ule ulikuwa wa Mama kabla haujawa wako, na masufuria ni yake, ndiye aliyeyaosha. Yeye amenipa ruhusa kwa kinywa chake, na filamu ninaifanya kwa hiyo. Ukitaka kunishtaki nishtaki. Nitakuja mahakamani nikupe shikamoo.

Sasa nije kwenye siku ya Jumamosi. Unajua ulivyoiona wewe. Acha nikueleze nilivyoiona mimi nikiwa nyuma ya kamera, kwa sababu ulikwenda zako bila kunywa hata chai na simu hupokei.

Tulikuwa tunapiga ile picha ya wanawake wanaofika. Nilitafuta akina mama wa papa hapa Chaani wenye asili ya Kaloleni, wanaojua yowe la msiba linavyopigwa, wakaanzia kule barabarani. Simu zote niliomba zizimwe, zisituharibie sauti. Ya Mama pia. Kosa langu ni hapo. Mimi mtoto wa hapahapa, nimewapigisha watu kilio mchana kweupe mbele ya nyumba ya mjane, nikadhani majirani watajua ni mchezo. Hatujafika nusu saa, watu wamejaa uani. Mmoja na mkeka, mwingine na kuni, mzee wa nyumba ya tatu ameshavua kofia. Wakimwona Mama anawakorogea chai wachezaji, wanacheka, wanamkumbatia, wanabaki kutazama. Nikasema haya, kamera isizimwe, hao nao ni waombolezaji.

Nawe kumbe Jerioth amepigiwa na dada yake anayeishi huku, ameambiwa kuna kilio kwa Mama Katana, naye amekupasha. Umempigia Mama, simu imezimwa. Umenipigia mimi, imezimwa. Umepanda pikipiki na goti lako lile kutoka Ziwa la Ng'ombe.

Nilikusikia kabla sijakuona. Nilidhani ni mmoja wa wale akina mama, nikasema moyoni, huyu amezidi wote, huyu nimpe nafasi ya mbele. Kisha ukatokea kwenye kona umejifunga kanga kiunoni, viatu mkononi, nikaona ni wewe. Ulikuwa unalia kwa maneno. "Wifi yangu ee, umekwenda na neno langu la Jumatatu, nitalirudisha kwa nani?" Ulilisema mara tatu kabla hujafika mlangoni.

Na Mama akatoka na birika mkononi. Akakutazama. Akasema, "Bado, wifi. Nikifa utaambiwa."

Watu wote waliangua kicheko, nawe ukageuka ukaondoka. Mama hakucheka. Alisimama pale na birika mpaka ukapotea kwenye kona, kisha akaingia ndani, na chai tulijimiminia wenyewe.

Yote hayo yamo kwenye kadi ya kamera niliyoiweka ndani ya bahasha hii. Sikuweka nakala. Wairimu hajaiona, Mama hajaiona. Ni kitu kizuri kuliko chochote nilichowahi kurekodi, na kizuri kuliko kilichomo kitabuni, nisamehe. Lakini hukuwa unaigiza, kwa hivyo ni chako. Ukitaka ichome moto. Ukiirudisha nitajua maana yake.

Mwanao,
Katana


Ziwa la Ng'ombe,
24 Novemba 2024

Mwanangu Katana,

Marahaba, baba. Binti yangu mpe busu, na umwache aume atakacho.

Kadi hiyo nimeiweka chini ya Biblia majuma saba. Mara mbili niliipeleka jikoni kwenye jiko la makaa nikarudi nayo. Juzi nikampelekea Luqman, nikamwomba anionyeshe kwenye kompyuta yake kisha atoke nje. Alitoka, Mungu ambariki, wala hakuniuliza kitu.

Nimekuwa mwalimu wa Kiswahili miaka thelathini na mmoja. Nimewafundisha watoto kwamba mwandishi ana haki ya kubuni. Wifi yule nilimbuni. Nilikaa mezani usiku na mchana nikampa sufuria, nikampa uji, nikampa maneno mazuri, na kila msomaji aliyenishika mkono akaniambia jinsi anavyompenda wifi yule, nilisema ahsante. Hata mara moja sikusema ukweli. Nilisema ahsante.

Ulichoandika Juni ni kweli. Nilisimama nikasema lile neno, na nilijua tangu linanitoka kwamba si kweli. Kakangu nilimpenda kupita kiasi na nilitaka pawe na mtu wa kubeba lawama. Mama yako hakulia, basi nikampa yeye abebe. Miaka miwili baadaye nikaanza kuja Chaani na vitabu vyako vya shule na sukari, naye alinifungulia mlango. Kila mara alinifungulia mlango. Nami kila mara nilisema juu ya mvua na bei ya unga. Nilipomletea kitabu mwaka ule nilidhani nimeshaomba msamaha. Nilijua hasomi, Katana. Nilijua, na nilimpelekea kitabu.

Kwa hivyo itie kwenye filamu. Kadi hii hapa, anayeileta ni Luqman mwenyewe, ana safari ya Nairobi. Ruhusa ya kitabu pia nimeirudisha, chukua utakacho, wifi mtupe.

Lakini usidhani umenishinda. Nina neno na wewe juu ya huyo msichana anayecheza mimi, Mercyline. Jerioth ameambiwa na dada yake kwamba analisema lile neno akiwa ameinamisha macho, kwa aibu. Mwambie hakukuwa na aibu. Nilimtazama mama yako usoni. Aibu ilikuja baadaye, na ilikuja ikakaa. Kama mnataka kuniweka, niwekeni nilivyo, msinipunguzie. Picha hiyo irudiwe.

Shangazi yako,
Sidi Munga


Ziwa la Ng'ombe,
19 Agosti 2025

Mwanangu,

Najua uko Kigali, umeitwa kuionyesha filamu yako kwa watu wakubwa, nami nimekutangulizia barua hii nyumbani Nairobi uikute. Usijisifu sana huko. Walioiona wa kwanza ni watu wa Chaani.

Sisi hatujambo. Goti nimelizoea. Kuku ni kumi na wawili sasa. Akina mama wamenirudishia uongozi, wamechoka na upole wa yule mwingine.

Ukumbi wa kanisa la Chaani ulijaa Jumamosi kuitazama mpaka watu wakakaa madirishani. Shuka mbili nyeupe zimeshonwa pamoja, mashine yenu inaunguruma, watoto wamewekwa sakafuni mbele. Mimi nilitaka kukaa nyuma karibu na mlango. Mama yako akanishika mkono akanipeleka kiti cha mstari wa tatu, katikati, ambako mtu hatoki bila kukanyaga watu.

Kabla ya yote nikupe hukumu yangu, maana najua unaingoja. Filamu yako haikufika kitabu changu. Sentensi zangu hazimo, na zile zilikuwa sentensi, wewe. Mto wa mawazo ya yule mwanamke haumo. Ningeweza kukaa hapa nikakutajia mambo ishirini uliyoyaacha. Lakini imekwenda mahali ambapo kitabu changu hakikufika kwa miaka ishirini na sita, kwenye kiti cha mama yako. Hilo nakupa, na sikupi zaidi.

Mercyline alifanya vizuri. Alisimama, akanyoosha kidole, akamtazama mwenzake usoni. "Muulizeni alimpikia nini Jumatatu." Ukumbi mzima ukamgeukia. Watu wetu hawajui kutazama sinema wakanyamaza. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema mchawi ni yeye mwenyewe huyo. Mwingine akasema mtu kama yule hafai kuzikwa na watu. Mzee wa nyumba ya tatu, yule aliyevua kofia, akatema mate dirishani. Mama yako ameweka mikono mapajani. Sikuthubutu kumtazama.

Halafu ukafanya ulilolifanya. Hukunionya, Katana. Kutoka kwenye kidole cha yule msichana moja kwa moja ukamleta bibi kizee anakimbia kichochoroni na viatu mkononi. Watu wakainua shingo. Wanamtazama, hawaelewi, huyu ni nani tena, mbona analia neno lilelile. Kisha nikasikia mmoja ananong'ona, si Mwalimu Sidi huyo?

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Goti lenyewe ndilo lililoniinua. Nilisimama katikati ya ukumbi, kivuli changu kikaanguka kwenye shuka juu ya uso wangu mwenyewe, nikasema kwa sauti ile niliyokuwa nikiwasomesha nayo watoto sitini bila kipaza sauti:

"Yule anayekimbia ni mimi. Na yule mwenye kidole pia ni mimi. Nilimsingizia. Hakumpikia kitu ila sima na mchunga."

Mashine inaunguruma. Nilikuwa na maneno mengine, nilikuwa nayo tele, miaka thelathini na mitano ya maneno, na nilikuwa nimefungua kinywa niyaseme yote.

Mama yako akanivuta kanga.

"Keti, wifi," akasema. "Unawazibia watu, na masufuria hayajafika."

Nikaketi.

Shangazi yako,
Sidi